Misimbo ya kuziba kwa vena za retina: mwongozo kamili kwa afisa wa rekodi

Mgonjwa aliyezibwa vena kuu ya retina anaweza kuota mishipa mipya kwenye mboni (iris, sehemu yenye rangi ya jicho) ndani ya miezi michache ya mwanzo. Mishipa hiyo ikishaziba njia ya maji ya jicho, presha ya jicho hupanda ghafla na jicho huwa vigumu kuliokoa. Ndiyo sababu daktari wa macho humtaka arudi mara kwa mara hata kama haumwi. Sasa chukulia kwamba siku ya kwanza afisa wa rekodi alimjazia msimbo wa ugonjwa H34.9, yaani mshipa wa retina umeziba bila kusemwa ni upi. Kliniki ikitaka kuwaita wagonjwa wa vena ambao hawajarudi, jina lake halitatoka. Msimbo wake hausemi kama ni vena au ateri.

Nauandika mwongozo huu kwa wenzangu wa rekodi hapa Mombasa: mlioko kwenye hospitali za umma, mlioko kwenye kliniki binafsi za macho kisiwani, na vijana wanaokaa nyumbani Nyali au Bamburi wakiweka misimbo ya kliniki za Marekani kwa intaneti. Ugonjwa ni mmoja, lakini vitabu vya misimbo ni tofauti, na mara nyingi tunakwama kwa sababu tumechanganya kitabu kimoja na kingine.

Anza kwa kujua kilichoziba

Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ateri huuletea damu, vena huiondoa. Vena ikiziba, damu hukwama, vena hujaa na kujipinda, na damu na majimaji huvujia kwenye retina. Majimaji hayo yakikusanyika kwenye makula, sehemu tunayosomea na kutambulia sura za watu, mgonjwa huona ukungu katikati.

Vena kuu inaweza kuziba pale inapotokea kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Hiyo kwenye faili huandikwa CRVO. Au linaziba tawi lake moja, kwa kawaida mahali ateri inapopita juu ya vena na kuibana. Hiyo ni BRVO. Kwenye CRVO damu huonekana pande zote nne za retina, kwenye BRVO huonekana upande wa tawi lile tu. Ipo pia hali ya tatu, ambapo vena imejaa na kuziba kumeanza au ni kwa sehemu tu. Waganga wengi huipita haraka, lakini ina msimbo wake.

Wanaopatwa zaidi ni watu wazima wenye presha, sukari, mafuta mengi kwenye damu, au glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho). Kumbuka orodha hiyo, tutairudia.

Jua kwanza unatumia kitabu gani

Kabla ya kugusa faili, uliza: msimbo huu unakwenda wapi? Kwa ripoti za Wizara, kwa bima ya Kenya, au kwa kampuni ya Marekani?

*ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani (WHO).* ICD ni orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa. Kuziba kwa vena za retina, kuu, tawi, kwa sehemu au kunakoanza, kote kumewekwa chini ya H34.8. Ateri kuu ni H34.1, ateri nyingine ni H34.2, na ateri iliyoziba kwa muda ni H34.0. H34.9 ni ya mshipa usiojulikana. Angalia vizuri: hapa hakuna tarakimu ya kulia wala kushoto, na CRVO na BRVO zinapata msimbo mmoja. Kwa hiyo maneno ya daktari lazima yaandikwe kando ya msimbo, la sivyo yamepotea.

*ICD-10-CM ya Marekani.* Hii ndiyo yenye matawi mengi. Ilianza kutumika Oktoba 1, 2015, na mwaka uliofuata, Oktoba 1, 2016, vena kuu na tawi ziliongezewa herufi ya saba ya kuonyesha hali. Mpangilio wake ni huu:

- H34.81 ni vena kuu. Tarakimu inayofuata ni jicho: 1 kulia, 2 kushoto, 3 yote mawili, 9 haikusemwa.
- H34.82 ni vena iliyojaa, yaani kuziba kunakoanza au kwa sehemu. Jicho ni vilevile 1, 2, 3, 9, na msimbo unaishia hapo.
- H34.83 ni tawi la vena, na jicho vilevile.
- Kwa H34.81 na H34.83, malizia na tarakimu ya hali: 0 kukiwa na uvimbe wa makula, 1 kukiwa na mishipa mipya kwenye retina, 2 kama imetulia au ni ya zamani.

Kwa hiyo vena kuu, jicho la kulia, yenye uvimbe wa makula ni H34.8110. Tawi, jicho la kushoto, lililotulia ni H34.8322. Ukituma H34.811 bila tarakimu ya mwisho kwa kampuni ya Marekani, dai litarudi, kwa kuwa msimbo haujakamilika. Na ukijaza H34.8110 kwenye mfumo unaotumia kitabu cha WHO, mfumo utaukataa au utaukata ubaki H34.8, nawe utadhani taarifa zote zimeingia.

*ICD-11.* Ilianza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Vena za retina ziko 9B74.1, ateri ziko 9B74.0. Jicho unaliongeza kwa msimbo wa nyongeza ukitenganisha na alama ya &: XK9K ni kulia, XK8G ni kushoto, XK9J ni pande zote mbili. Vena ya jicho la kulia, basi, ni 9B74.1&XK9K. Kivinjari cha ICD-11 cha WHO ni bure mtandaoni. Kiache wazi unapofanya kazi, uandike neno la ugonjwa na usome maelezo yanayojitokeza kabla ya kuchagua.

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, Oktoba 1, 2024, fomu na mifumo ya madai imebadilika. Usitegemee kikaratasi cha misimbo kilichobandikwa ukutani tangu enzi za NHIF. Soma sehemu ya utambuzi kwenye fomu yenyewe, uone inataka kitabu gani.

Lisome faili, usisome mstari wa mwisho peke yake

Wengi tunaruka moja kwa moja hadi kwenye mstari wa utambuzi. Kwa magonjwa ya vena hiyo haitoshi, kwa sababu jicho limeandikwa juu, hali imeandikwa kwenye ripoti ya skani, na jina la ugonjwa limeandikwa chini. Soma kwa mpangilio huu: uwezo wa kuona, presha ya jicho, maelezo ya retina, ripoti ya OCT (skani ya tabaka za retina) au picha za rangi, halafu utambuzi na mpango wa matibabu.

Kwenye jicho, madaktari wengi hapa huandika RE, LE na BE kwa kulia, kushoto na yote. Wengine, hasa waliosomea au kufanya kazi nje, huandika OD, OS na OU. Hapo ndipo penye hatari. OD kwenye maelezo ya macho ni jicho la kulia. OD kwenye sehemu ya dawa ni mara moja kwa siku. Fikiria mstari unaosomeka: "CRVO LE, amlodipine 5 mg OD." Anayesoma haraka huona OD akaweka jicho la kulia. Dawa ni ya presha, inanywewa mara moja kwa siku, na jicho lililoziba ni la kushoto. Ukikuta OD, rudi uangalie iko kwenye mstari gani na iko karibu na nini.

Halafu linganisha na uwezo wa kuona. Faili likisema CRVO RE huku jicho la kulia likiona 6/6, yaani kawaida, na la kushoto likihesabu vidole kwa mita moja, kuna kitu hakilingani. Huenda ni sawa, kwa maana mtu anaweza kuwa na tatizo jingine kushoto, mtoto wa jicho kwa mfano. Lakini hiyo ni ya kumuuliza daktari, usiirekebishe mwenyewe.

Herufi moja kati ya V na A

CRVO na CRAO (ateri kuu iliyoziba) zinatofautiana kwa herufi moja, na kwenye mwandiko wa haraka V na A zinafanana mno. Tofauti yake kwa mgonjwa ni kubwa sana. Ateri kuu ikiziba ni dharura ya saa chache, na hutibiwa kama kiharusi kinavyotibiwa, kwa sababu damu imekoma kufika kwenye retina. Ukiweka H34.1 mahali pa H34.8, umembadilishia mtu ugonjwa kwenye rekodi ambayo daktari mwingine ataisoma miaka ijayo.

Ukipata shaka, yasome maelezo ya retina. Damu iliyotapakaa, vena zilizojaa na kujipinda, na kichwa cha mshipa wa fahamu kilichovimba huelekea kwenye vena. Retina iliyopauka yenye doa jekundu katikati huelekea kwenye ateri. Dalili hizi ni za kukuamsha uulize. Haziwi idhini ya wewe kuamua, hata kama una hakika.

Hali ya sasa: uvimbe, mishipa mipya, au imetulia

Hapa ndipo kwenye kazi nyingi, na hapa nitakaa.

Uvimbe wa makula kwenye faili utauona kama CMO, CME, ME, au maelezo tu: majimaji ndani ya retina, makula imenenepa kwenye OCT. Vipimo vya unene peke yake havitoshi. Mashine ikitoa mikroni 480 lakini daktari hajaandika kuwa ni uvimbe, bado huna uvimbe wa kuuwekea msimbo. Umwombe athibitishe.

Kwa kitabu cha Marekani, uvimbe ukishaingia kwenye tarakimu ya 0, usiongeze H35.81 ya uvimbe wa retina kwa jicho hilohilo. Zamani, kabla ya Oktoba 2016, ilibidi uongeze, na bado kuna watu wanaofuata mazoea hayo. Vivyo hivyo damu iliyomwagika kwenye retina: ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, usiiwekee msimbo wake peke yake. Damu ikimwagikia kwenye ute wa jicho ni jambo jingine, hiyo ina msimbo wake, H43.1 kwa WHO, na ukitumia kitabu cha Marekani H43.11 kulia au H43.12 kushoto.

Mishipa mipya kwenye retina ni tarakimu 1. Mishipa mipya kwenye mboni si hiyo. Kwa WHO iko H21.1, na daktari akiandika kwamba imeleta glakoma, kuna msimbo wa glakoma itokanayo na ugonjwa mwingine wa jicho, H40.5. Ukikuta H40.5, usiuache ugonjwa uliouleta: vena iliyoziba inaandikwa pia.

"Imetulia" ndilo neno linalopotosha zaidi. Mgonjwa anayepigwa sindano jichoni kila mwezi, makula ikakauka, ametulia kwa maana ya kawaida ya neno. Lakini amekauka kwa sababu ya sindano, na mwezi ujao anarudi kwa sindano nyingine ya uvimbe uleule. Je, ni 0 au 2? Hilo ni la daktari kulisema kwa maandishi. Akiandika kwamba anaendelea kutibiwa uvimbe wa makula uliotokana na vena, maandishi yanakuelekeza kwenye uvimbe. Akiandika kwamba ni kuziba kwa zamani, hakuna uvimbe, na matibabu yamesimama, ni 2. Kati ya hapo, uliza. Bima huangalia hapa, kwa kuwa sindano iliyodaiwa juu ya jicho "lililotulia" haina sababu mbele yao.

Alama ya kuuliza

Mgonjwa ametoka Kwale na barua ya rufaa inayosema haoni jicho moja ghafla. Daktari ameandika "?CRVO" na kumpangia OCT wiki ijayo. Unaandika nini leo?

Kwa kanuni za WHO, ugonjwa uliobaki "unashukiwa" mwisho wa huduma, bila maelezo zaidi, huwekewa msimbo kana kwamba umethibitishwa. Ukishukiwa kisha ukaondolewa baada ya uchunguzi, ndipo Z03 inapotumika. Kwa Marekani ni kinyume kwa wagonjwa wa nje: usiweke ugonjwa unaoshukiwa, weka dalili. Kwa kupoteza uono ghafla ni H53.131 kulia, H53.132 kushoto. Kijana anayefanya kazi za pande mbili, asubuhi hospitalini na jioni kwa kampuni ya nje, aliandike jambo hili mahali pa kuonekana.

Presha na sukari

Presha ni I10 kwa vitabu vyote viwili vya ICD-10, na kwa ICD-11, bila maelezo zaidi, ni BA00.Z. Lakini iandike tu kama mganga ameiandika kama ugonjwa. Kipimo cha 170/100 kilichochukuliwa na nesi siku moja si utambuzi. Mgonjwa anayesema "mimi nina presha" naye bado hajakupa utambuzi, ila amekupa sababu nzuri ya kumuuliza daktari.

Sukari inahitaji uangalifu zaidi. Mtu mwenye sukari aliyezibwa vena si lazima awe na ugonjwa wa retina wa sukari. Kama daktari ameandika kwamba anao, kwa WHO unatumia jozi ya E11.3 na H36.0 kwa sukari ya aina ya pili, na H34.8 inasimama kando yake. Taabu inakuja pale makula imevimba: uvimbe umetoka kwenye vena au kwenye sukari? Jibu linabadilisha misimbo yote miwili kwenye kitabu cha Marekani, na linaweza kubadilisha matibabu. Afisa wa rekodi hawezi kulijua kwa kusoma. Uliza.

Mifano mitatu, ya kutungwa kwa mafunzo

*Mama wa Likoni, miaka 62.* RE anahesabu vidole kwa mita 2, LE 6/9. Damu pande zote nne jicho la kulia, OCT inaonyesha CMO. Utambuzi: CRVO RE na CMO, presha inayotibiwa.
WHO: H34.8, I10, na maneno "vena kuu, kulia, uvimbe wa makula". Daktari akiwa ameandika upofu wa jicho moja, ongeza H54.4.
Marekani: H34.8110, I10.
ICD-11: 9B74.1&XK9K, BA00.Z.

*Mzee wa Kisauni mwenye sukari aina ya pili.* BRVO LE yenye uvimbe, ugonjwa wa retina wa sukari macho yote. Baada ya kuulizwa, daktari anaandika uvimbe ni wa vena.
WHO: H34.8, E11.3 na H36.0.
Marekani: H34.8320, na E11.319 kama hatua ya ugonjwa wa sukari wa retina haikuandikwa.

*Bwana wa Changamwe, macho yote mawili.* Kushoto CRVO ya zamani, imetulia. Kulia BRVO yenye mishipa mipya ya retina.
Marekani: H34.8122 na H34.8311. Usitafute msimbo wa macho yote. Huo ni wa macho mawili yenye ugonjwa mmoja na hali moja.

Kumuuliza daktari bila kumwekea jibu mdomoni

Swali zuri ni fupi, linataja kilichoandikwa, na linaacha nafasi. Mfano:

"Daktari, habari za kazi. Faili namba fulani, kliniki ya Jumanne: utambuzi umeandikwa CRVO, jicho halikutajwa. RE 6/60, LE 6/9. Naomba uthibitishe jicho, na hali ya sasa: uvimbe wa makula, mishipa mipya, imetulia, au nyingine. Ahsante."

Usiandike "naona ni kulia na ina uvimbe, sawa?" Daktari mwenye foleni ya watu arobaini atajibu "sawa". Jibu liingie kwenye faili kwa maandishi na sahihi yake, lisibaki kwenye simu. Na tafadhali msipige picha kurasa za faili kuzituma kwenye vikundi vya WhatsApp kuomba msaada wa wenzenu. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mgonjwa hakuwapa ruhusa hiyo.

Ongeza safu tatu kwenye rejista

Kwa kuwa H34.8 ya WHO inaficha mengi, naomba kila kliniki ya macho iongeze safu tatu kwenye rejista au jedwali la kompyuta: mshipa (kuu, tawi, kwa sehemu), jicho, na hali. Ya nne ni tarehe ya kurudi. Hakuna programu mpya ya kununua. Mwisho wa wiki unachuja "kuu" ambao tarehe imepita, na nesi anapiga simu. Mgonjwa wa Lamu aliyekosa nauli ya kurudi mwezi wa pili ataonekana kwenye orodha hiyo wakati bado kuna la kufanya.

Dai likirudi

Soma sababu ya kurudishwa kabla ya kubadilisha chochote. Angalia mambo haya kwa zamu: msimbo umekamilika kwa kitabu kinachotakiwa? Jicho la utambuzi ni lile la huduma iliyotolewa? Kwa Marekani sindano ya jichoni, msimbo wa huduma 67028, hubeba RT (kulia) au LT (kushoto), na H34.8120 pamoja na RT hugongana papo hapo. Hali uliyoiandika inaeleza kwa nini sindano ilipigwa? Tarehe ya huduma iko ndani ya mwaka wa misimbo uliotumia? Kitabu cha Marekani hubadilishwa kila Oktoba 1.

Kosa likiwa lako, lisahihishe na uandike tarehe ya masahihisho. Likiwa kwenye maandishi ya daktari, faili lirudi kwake aliongezee maelezo yenye tarehe ya siku hiyo. Na faili likiwa sahihi, usibadilishe msimbo ili dai lipite. Ambatisha ripoti ya OCT na maelezo ya daktari, ulitume tena kama lilivyo.